Sarafu za Tabora Msizisugue

Naomba nafasi niseme na watu wa Kaliua, Urambo, Uyui, Sikonge na Tabora mjini kuhusu jambo moja: sarafu za Mjerumani msizisugue. Msizipige msasa, msizitie ndimu na majivu, msizichemshe na sabuni ya unga. Mimi ni fundi saa. Meza yangu iko sokoni Kaliua, si mbali na stesheni, na kwa kuwa nina lenzi ya kubana kwenye jicho, watu huniletea sarafu niwaangalizie. Nyingi hunifikia zikiwa zimeshang'arishwa. Mwenye nayo anaamini ameipandisha bei, na mimi ndiye ninayelazimika kumwambia kwamba kilichokuwa na bei kimebaki kwenye beseni.

Kiangazi hiki, tumbaku ikiwa imeshauzwa na watu wamepata nafasi ya kujenga, mama mmoja wa Usinge alikuja na mbili. Mumewe alizikuta akichimba shimo la choo. Tukaamkiana, akafungua kona ya kanga.

"Fundi, hii ni dhahabu?"

"Hapana, mama. Ni shaba ya njano, brasi."

"Mbona inang'aa hivi?"

"Umeisugua. Na hiyo nyingine?"

"Hiyo nilichoka."

Hiyo aliyoichokea ndiyo niliyoiweka chini ya lenzi. Ilikuwa heller 20 ya mwaka 1916. Rangi yake kahawia iliyokolea, na kwenye mabonde ya herufi kulikuwa na kijani kidogo cha unyevu wa miaka mingi ardhini. Taji la kifalme lilisomeka, herufi D.O.A. za koloni la Wajerumani Afrika Mashariki zilisomeka, mwaka ulisomeka, na ile herufi T, alama ya Tabora. Lakini picha yote ilikuwa imehamia upande mmoja. Huku umeachwa ukingo mpana mtupu, kule pambo limekaribia kudondoka nje ya sarafu. Ukingoni palikuwa na ufa mwembamba ulioingia ndani kidogo, ule ufa unaotokea bamba la brasi likipigwa kwa nguvu kabla halijalainishwa vizuri kwa moto. Nikaigeuza. Kwenye neno HELLER nikaziangalia zile L mbili, moja moja, mpaka kwenye ncha.

Ncha za L ndizo zinazotazamwa na wakusanyaji wa sarafu Ujerumani na Marekani. Katalogi zao zimezigawa heller 20 za Tabora kwa mihuri iliyozipiga. Upande wa taji kuna mihuri ya aina mbili, wenye taji kubwa na wenye taji dogo. Upande wa thamani kuna aina tatu: ule ambao L ya pili peke yake ina ncha iliyojikunja, ule ambao L zote zina ncha kali zilizonyooka, na ule ambao zote zimejikunja. Mihuri hiyo ilibadilishana wenza, kwa hiyo pande zikapatana kwa namna mbalimbali, na baadhi ya namna hizo ni adimu kweli. Ukiongeza kwamba nyingine zilipigwa kwenye brasi na nyingine kwenye shaba nyekundu, utaona kwamba heller mbili zilizolala pamoja kwenye shimo moja la Usinge zinaweza kuwa zimetoka kwenye mikono miwili tofauti na siku mbili tofauti za kazi. Ile ya mama iliyong'aa, ncha za L zilikuwa zimelika kwa msasa. Hakuna fundi wala mtaalamu atakayeweza kusema tena ni ya muhuri gani.

Ndiyo maana ninaandika. Kwenye sarafu nyingine kasoro ni ajali. Kwenye sarafu za Tabora kasoro ndiyo kumbukumbu yenyewe, kwa sababu hapakuwa na kiwanda cha sarafu Tabora.

Kabla ya vita ya 1914 heller na rupia za koloni zilichapwa Ujerumani. Chini ya sarafu utakuta A, maana yake Berlin, au J, maana yake Hamburg. Vita ilipoanza, manowari za Waingereza zikaifunga pwani na fedha ngeni zikaacha kuja. Serikali ya Wajerumani ikachapa noti za muda hapahapa nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, na wananchi wakazikataa kila walipoweza. Walikuwa na haki. Njia hii ya Tabora kwenda Ujiji ilikuwa imelipana kwa merikani, shanga na nyaya za shaba tangu siku za misafara, na mtu wa Unyamwezi aliyebeba mzigo mpaka ziwani alijua tofauti ya metali mkononi na karatasi mfukoni. Askari na wapagazi walitaka kitu kizito. Kwa hiyo mwaka 1916, reli ikiwa imefika Tabora miaka minne tu nyuma, karakana ya reli ikageuzwa mahali pa kupiga fedha.

Brasi ilitoka kwenye maganda ya makombora na metali chakavu nyingine. Ikayeyushwa, ikapigwa bamba, ikakatwa duara, ikawekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, ikakandamizwa kwa mashine ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kila anayejua chuma anajua kinachofuata. Muhuri uliochongwa kwa mkono unapasuka. Mwingine unachongwa, na mkono wa mtu hauchongi L ile ile mara mbili. Bamba halina unene mmoja, kwa hiyo sarafu moja inakuwa nzito na mwenzake nyepesi. Duara linakaa vibaya, picha inahama. Za heller 5 zilipigwa takriban 300,000, na za heller 20 zaidi ya milioni moja, zote kabla ya Septemba. Kasi hiyo unaiona kwenye metali. Mimi hushika sarafu hizi nikaona watu wanaharakishwa, wanaongeza moto, wanabadilisha muhuri uliochoka, wanaendelea. Majina ya watu weusi waliovuta mashine hizo hayakuandikwa kwenye sarafu. Ufa na picha iliyohama ndiyo saini waliyotuachia, nasi tunaifuta kwa msasa.

Mwaka huo huo wa 1916 Wabelgiji wakaja kutoka Kongo. Kikosi kimoja kilichukua Kigoma, kikapanda kwa kufuata reli, njia hii hii inayopita Kaliua, na tarehe 19 Septemba jeshi la Jenerali Tombeur likaingia Tabora. Kazi ya karakana ikaishia hapo. Wajerumani walipokimbia kusini, sarafu zilibaki kwa watu: kwenye vibuyu, kwenye kuta za tembe, chini ya magogo ya mizinga ya nyuki, kwenye shingo za watoto zikiwa zimetobolewa tundu. Ndiyo maana zinatoka huku kwetu kila tunapochimba.

Sasa niseme habari ya dhahabu, maana najua ndiyo iliyomfanya msomaji afike hapa. Ipo. Karakana ya Tabora ilipiga pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, iliyolingana na mark 20 za Ujerumani. Dhahabu ilitoka Sekenke, huko Iramba, na msimamizi wa kazi alikuwa mhandisi wa madini, Friedrich Schumacher. Upande mmoja una tai wa dola; upande wa pili una tembo amenyanyua mkonga, mlima uko nyuma yake, na chini mwaka 1916. Uzito wake ni karibu gramu 7.2, dhahabu yake robo tatu, iliyobaki ni fedha na shaba. Walioandika habari zake husimulia kwamba mihuri ilichongwa na sonara wa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Nikimtazama yule tembo kwenye picha, jinsi ngozi ya shingo ilivyokunjwa kwa mistari midogo, naamini: huo ni mkono wa mtu aliyezoea vito. Hata hapo kuna tofauti ya mihuri. Pambo la maua chini ya maandishi linaishia chini ya herufi A kwenye nyingine, na chini ya T kwenye nyingine, ndani ya neno OSTAFRIKA. Zote pamoja zilipigwa 16,198. Leo moja nzuri inauzwa maelfu ya dola kwenye minada ya Ulaya.

Katika kazi yangu yote sijaletewa hata moja ya kweli. Zilizoniletewa ni za kuigwa, nyepesi, tembo wake kavimba kama aliyefinyangwa kwa udongo. Mizani ndogo ya sonara inatosha kumaliza ubishi, na ninasema hivi kwa sababu kuna watu wanauza ng'ombe kununua "tembo" wa bandia kwa dalali aliyekuja na pikipiki.

Na dalali huyo ana wenzake. Wapo wanaozunguka vijijini, Ushokola mpaka Zugimlole, wakisema rupia ya Mjerumani yenye nguvu inavuta mchele, inazima kiberiti, inazimisha simu. Wanadai ada ya kuipima. Wanadai kuku mweupe. Vijana wanachimba chini ya miembe mikubwa usiku kwa ramani walizouziwa, wakitafuta sanduku lililoachwa na Mjerumani. Nawaambia kwa uhakika wote wa fundi: dhahabu haivuti mchele, fedha haivuti mchele, brasi haivuti mchele. Heller 20 iliyochakaa, ikiwa haijasuguliwa, nje ya nchi inapata dola chache. Ikiwa safi na muhuri wake unasomeka, makumi ya dola. Ikiwa ya mchanganyiko adimu wa mihuri, zaidi ya hapo. Ni pesa ya sare na madaftari ya mtoto mmoja. Si pesa ya kununua lori. Anayekuahidi milioni anataka kitu chako kingine.

Thamani ya kosa kwenye sarafu haikuanzia kwetu, wala si ushirikina. Marekani walitoa robo dola za ukumbusho wa majimbo yao, matano kila mwaka kuanzia 1999 mpaka 2008. Ya Wisconsin ya mwaka 2004 ina ng'ombe, jibini na bunzi la mahindi. Mwishoni mwa mwaka huo watu wa Tucson, Arizona, walianza kuona kwenye chenji zao robo dola ambazo bunzi lilikuwa na jani la ziada, nyingine jani limeelekea juu, nyingine limeelekea chini. Kikwaruzo kwenye muhuri, basi. Mpaka leo robo dola hiyo, ambayo dukani ni senti 25, mkusanyaji hulipa makumi ya dola apate moja safi. Taifa lenye mashine bora kuliko zote duniani linathamini kikwaruzo cha siku moja kiwandani, linakipiga picha, linakiandikia historia. Kwetu kuna muhuri uliopasuka ndani ya vita, kwenye karakana ya reli, na tunaupeleka kwa mtu wa skrepa.

Naam, skrepa. Huko ndiko zinakoangamia nyingi kuliko kwenye msasa. Brasi inanunuliwa kwa kilo, na mzee aliyerithi kopo la heller anaziona ni uzito tu. Zinachanganywa na koki za mabomba na vipande vya betri, zinapakiwa, zinaondoka Kaliua kwenye gunia. Zikifika tanuruni hakuna wa kuuliza habari za L.

Watu huniuliza pia kuhusu sarafu zetu za ukumbusho, na niwajibu hapa kwa mkupuo. Shilingi tano yenye pembe 10 ya mwaka 1971, ya miaka 10 ya uhuru, ni nzuri kuitunza lakini zilitolewa nyingi, bei yake ni ndogo. Shilingi 20 ya 1981, ya miaka 20 ya uhuru, vivyo hivyo. Ile ya dhahabu ya shilingi 1,500 ya mwaka 1974 yenye duma, iliyotolewa kwa ajili ya hifadhi ya wanyama, ina thamani kubwa, ila haikukusudiwa kupita sokoni na hutaikuta kwenye shimo la choo. Sarafu hizi ni zetu kwa jina na kwa picha, lakini zilichapwa ng'ambo. Tanzania Bara ina mahali pachache ambapo sarafu zilipigwa kwenye ardhi yake. Kilwa ni pamoja, karne nyingi zilizopita, chini ya masultani wake, na watoto wetu wanasomeshwa hivyo darasani. Tabora ni pamoja, na sijawahi kukutana na mtoto wa Kaliua aliyefundishwa.

Haraka ninayoisikia moyoni inatokana na reli mpya. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506, na ardhi itafukuliwa kandokando ya njia ile ile ya misafara, ya reli ya zamani na ya vita. Greda linaweza kufumua kwa asubuhi moja kile ambacho jembe lingekigusa kwa miaka 50. Mwenye greda ana ratiba yake, simlaumu. Lakini kibarua atakayeona duara la kijani kwenye udongo awe na mahali pa kulipeleka, na kwa sasa mahali anapopajua ni mizani ya skrepa.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mpaka kwenye mwaka 1863. Kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya hapo ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kale. Kwa mpaka huo heller ya 1916 ni mtoto, haimo. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza kitu kuwa kinalindwa. Ninamwomba Waziri wa Maliasili na Utalii azitangaze sarafu zenye alama ya T, za brasi, za shaba na za dhahabu, ili zisitoke nje ya nchi bila kibali na zisiyeyushwe.

Naomba hilo kwa tahadhari moja kubwa. Asitume watu kuja kuzichukua. Siku ambayo mwananchi atasikia kwamba heller yake itataifishwa, itatupwa kisimani au itaingia tanuruni usiku huo huo, na tutakuwa tumemaliza wenyewe kazi ambayo msasa haujaimaliza. Mwenye nayo abaki nayo. Kinachohitajika ni daftari. Mtu wa utamaduni wa halmashauri, awe Kaliua au Urambo, awe na daftari, simu yenye kamera na mizani ndogo. Anapiga picha pande zote mbili, anapima gramu, anaandika imepatikana kijiji gani na kwa kazi gani, shimo, shamba, ukuta uliobomoka. Mwenye sarafu anaondoka na sarafu yake. Chache zilizo bora zinunuliwe kwa bei ya haki na kuwekwa Kwihara, pale kwenye tembe la Livingstone, ambako wageni tayari wanafika kwa ajili ya habari za misafara. Wamuone na tembo wa Tabora, hata kama ni kwa picha kubwa tu, na heller halisi kando yake, na lenzi ya kutazamia ncha za L.

Ramani ya daftari hilo ingetueleza jambo ambalo katalogi ya Ulaya haiwezi. Wao wana sarafu bila mahali. Zilipita kwa madalali na kumbukumbu ya kijiji ikapotea njiani. Sisi tungejua heller za taji dogo zilisambaa mpaka wapi kabla ya Wabelgiji kufika, kama zilishuka na reli kuelekea Kigoma au ziliingia ndani mpaka Ulyankulu, kama wapagazi waliolipwa nazo walifika nyumbani.

Na mpaka daftari hilo lipatikane, ukiokota moja fanya hivi. Iweke kwenye maji ya kawaida udongo ulainike, itoe, iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa. Kijani kikibaki, kiache. Usiitoboe, usiipake mafuta. Ifunge kwenye karatasi kavu peke yake, isigongane na misumari, na juu ya karatasi andika jina la kijiji na mwaka ulipoipata. Ukipita Kaliua, niletee niitazame. Sitozi.